Neno Lisilotajwa Kabla ya Kipindi cha Tisa

Jumanne, 3 Januari 1995

Bi Whitlow, mkuu wangu kazini, kanibebesha kazi nyingine. Nichague filamu nne za besiboli, zionyeshwe pale maktaba kila Jumapili saa nane mchana. Na kwa kila filamu niandike nusu ukurasa ubandikwe ubaoni: kwa nini mashabiki wanaipenda. Kwa nini mimi? Kwa sababu mumeo alichezea timu ya kiwanda, kasema. Kana kwamba mipira nilidaka mimi!

Nimekubali. Tangu wachezaji wagome mwezi wa Agosti hakuna mechi, hakukuwa na fainali, hata ubishi wa maana kwenye redio hakuna—ni mawakili tu. Kiwanda kilishafungwa, sasa na besiboli nayo. Tufanye nini na Januari ya Ohio? Bora kanda.

Vern nimemwambia mezani. Kafurahi, mara ya kwanza tangu Krismasi. Kaanza kupanga palepale, uma mkononi. "Usiniletee ile ya mbwa anayecheza, nakuapia nitatoka!" Nikamwambia mbwa hatakuwepo. Tumecheka.

Pierogi za unga na viazi nilimwekea sita. Kala mbili. Nimehesabu, na sipaswi kuhesabu.

Jumatano, 4 Januari

Daftari hili halisomwi na mtu, na bado mkono unasita. Nijilazimishe.

Besiboli ina mwiko mmoja ambao hapa Tolliver hata mtoto wa chekechea anaujua. Mrushaji wenu akiwa na siku yake, wapinzani wakashindwa kupiga hata mpira mmoja wa kuwafikisha kituo cha kwanza—kipindi cha tano, cha sita, cha saba—hakuna anayelitaja. Si benchi, si jukwaani. Anakaa peke yake mwisho wa benchi kama mwenye ukoma. Huhami kiti. Huvui kofia. Ukilitaja umeleta uchuro, na mpigaji anayefuata ataupiga tu. Vipindi ni tisa. Mpaka cha tisa kiishe, midomo imeshonwa.

Vern aliuhamishia mwiko huo nyumbani kwetu. Februari ya '91 walimkata kipande cha utumbo. Daktari Iyer akasema atampima kila miezi sita. Akipita salama miaka minne na nusu, tutapumua. Vern akapiga hesabu, vikawa vipimo tisa. Tisa! Hakuhitaji kusikia zaidi. Amepita saba. Cha nane ni mwezi ujao. Kwa muda wote huu hakuna aliyesema ndani ya nyumba hii kwamba anaendelea vizuri. Wala kwamba anaendelea vibaya. Siku ya kipimo anavaa jaketi lilelile la kijani, gari naendesha mimi, tunapita njia ya mtoni ingawa inazunguka. Majibu yakija anainua kidole gumba, basi. Jina la ugonjwa wenyewe silitaji hata hapa.

Tukaenda hivyo mpaka Novemba, sikukuu ya shukrani. Paulette kaja kutoka Cleveland na keki. Juu yake kaandika kwa sukari ya buluu: SABA TAYARI, BADO MBILI! Mtu wa miaka thelathini na tatu, kakulia nyumba hii hii! Alisema baadaye alidhani mechi zikiwa hazipo, na mwiko nao uko likizo. Vern aliitazama ile keki mpaka rangi ikamtoka usoni. Akaibeba, akatoka nayo uani bila koti, akaitupa kwenye pipa pamoja na sahani yangu. Paulette akalilia jikoni. Nikambembeleza, baba yako kachoka tu. Lakini moyoni nilitaka kumzaba kofi. Mwanangu wa pekee.

Jumapili, 8 Januari

Filamu ya kwanza: "Bonde la Chumvi". Watu thelathini na mmoja, na nje theluji mpaka magotini! Bi Whitlow kapita kila safu akigawa bisi kama bibi harusi.

Ni hadithi ya wachimba chumvi wanaounda timu, wanashinda wee mpaka mechi ya mwisho, halafu mzee wao wa kituo cha tatu anaudondosha mpira rahisi kabisa. Wanashindwa. Wanavua viatu, wanarudi shimoni. Mwisho.

Raha yenyewe ilikuwa kelele. Mrushaji wa filamu hii ni mwigizaji mzuri wa sura lakini mkono hana. "Huyo anarusha au anamwaga maji ya vyombo?" Vern kasema, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Gus Marchetti—jirani yetu, walicheza timu moja na Vern, mdomo wake hauna breki—yeye alikuwa anahesabu wanaotolewa. Kipindi cha sita kasimama mbele ya kioo na kuinua vidole vinne. "Wanne! Wametolewa wanne! Watatu ndio sheria, nyie watu!" Bi Whitlow kamwomba akae. Watu wanataka kanda irudishwe wahakikishe. Ikarudishwa. Wanne kweli! Shangwe kama tumeshinda kombe.

Ubaoni nilikuwa nimeandika: mashabiki wanaipenda kwa sababu timu inashindwa. Mpigaji bora kabisa duniani hukosa mara saba katika kumi. Sisi tumelelewa na kukosa. Filamu ya kushinda tu tunaiona ya waongo.

Naridhika nayo hiyo. Ila sikuandika kwamba Vern alikwenda msalani mara tatu. Mara ya tatu alirudi ameshika kuta.

Jumatano, 11 Januari

Nimesikia nyundo gereji. Nimechungulia—Vern anatoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali, kwa msumari. Kanikuta mlangoni.

"Ngozi imelegea," kasema.

"Ngozi za siku hizi," nikasema, "mbovu."

Tukatazamana. Nikaingia ndani kupika.

Jumapili, 15 Januari

"Redio ya Bi Clara." Hii niliichagua kwa ajili ya wanawake, na wanaume ndio waliolia. Hata mpira mmoja huuoni! Mjane anasikiliza mechi jikoni kwake kiangazi kizima, anamenya viazi, anashona, anagombana na mtangazaji. Mvua inasimamisha mechi, na yeye anasimamisha mkono na kisu hewani, anangoja mvua ya mji mwingine iishe.

Niliandika: mpira wa kikapu una saa, besiboli haina. Mechi inaweza kuendelea milele mradi mtu wa mwisho hajatolewa. Mashabiki wanapenda filamu hii kwa sababu inajua kwamba sehemu kubwa ya besiboli ni kungoja, na kwamba anayengoja naye anacheza.

Bi Whitlow kasema ni maneno mazuri sana, niyapeleke gazetini. Mimi nilikuwa namwangalia Vern. Kasinzia filamu nzima, kinywa wazi, midomo myeupe. Gus kamfunika na koti lake bila kusema kitu. Gus! Ambaye hanyamazi hata kanisani. Basi na Gus anajua.

Jumatatu, 16 Januari

Siku ya kufua. Sina la kuandika.

Alhamisi, 19 Januari

Paulette kapiga simu. Kaniuliza baba anaendeleaje. Nikasema anasumbuka na wamiliki wa timu, anawatukana asubuhi mpaka jioni. Kacheka. Halafu kauliza kama bado kamnunia kwa ajili ya ile keki. Nikasema mambo ya zamani hayo. Kaomba kuzungumza naye. Vern alikuwa kwenye kiti chake, macho wazi. Kanipungia mkono, hapana. Nikasema amelala.

Jumapili, 22 Januari

Nianze mwanzo. Taratibu.

Leo ilikuwa "Mchana wa Lafferty". Ndiyo inayopendwa kuliko zote hapa mjini. Kabla ya taa kuzimwa nilihesabu hamsini na wawili, wengine wamesimama. Mrushaji mzee, bega limekwisha, anapewa mechi moja ya kuagwa. Na siku hiyo hakuna anayempiga. Kipindi cha sita wenzake wanaanza kuhama kwenye benchi, mmoja mmoja, mpaka anabaki na nafasi ya watu kumi kulia na kushoto kwake. Kuanzia hapo filamu haina maneno hata kidogo. Dakika ishirini! Na ukumbini nako kimya. Mama mmoja alianza kukohoa akatoka nje kukohoa. Watu wameiona mara kumi, wanajua inaishaje, na bado wanaogopa kuiharibu!

Halafu kipindi cha nane anatokea yule mgeni. Mchezaji mpya, katoka shambani, kaja jana kwa basi. Anakwenda kukaa karibu na Lafferty, anampa karanga, anasema kwa sauti: "Kaka, hivi unajua hakuna aliyekupiga?" Ukumbi wote ukajiziba uso kwa mikono. Wanacheka, wanaugua. Na Gus kageuka nyuma kuwaambia vijana wa safu ya tatu, kwa mnong'ono unaosikika mpaka barabarani, kwamba Vern Hudak aliyaishi haya, '57, dhidi ya timu ya Steubenville. Mrushaji wetu alikuwa Ozzie Baran, mdakaji Vern. Kipindi cha saba kidole cha Ozzie kilipasuka, mpira ukawa unafika kwa Vern una damu. Vern akaufuta kwenye suruali, akaurudisha. Kila mpira anafuta, anarudisha. Hakumwambia kocha, hakumwambia Ozzie pole. Tulishinda! Hakuna aliyetugusa! Suruali ya Vern ilikuwa nyekundu kama ya mchinjaji.

Nimeisikia hadithi hiyo tangu uchumba. Siku zote mimi hucheka hapo kwenye mchinjaji. Leo nimekumbuka sehemu ambayo Gus huwa haisemi: Ozzie hakurusha tena. Kidole kiliingia uchafu, wakakikata mpaka kwenye fundo la pili.

Nikageuka kumtazama Vern. Kiti kitupu.

Nilingoja kidogo. Nikangoja tena. Nikaenda. Mlango wa msala wa wanaume sijawahi kuuvuka miaka kumi na minane ya kazi, leo nimeuvuka. Alikuwa amekaa juu ya mfuniko, koti kalivaa, kichwa kwenye ukuta wa vigae. Hajavuta maji. Kasema hana nguvu ya kuvuta. Nikainua mfuniko nikavuta mimi. Niliona. Sitaandika kilikuwa kiasi gani.

"Tangu lini, Vern?"

"Wiki ile ya keki."

"Na ukakaa kimya!"

"Ningesemaje? Paulette angesikia." Kanishika mkono, wake una baridi ya chuma. "Saba safi, Marlene. Saba! Kaandika kwa sukari, na wiki ileile damu. Atajua ni yeye. Atabeba hilo mpaka kaburini kwake. Heri nibebe mimi langu."

Nikamwambia ni ujinga, keki haimuui mtu. Akasema kama ningekuwa siamini, mbona nilipita njia ya mtoni kila safari?

Nilipita, kweli. Lakini kwenye lile la wiki ya keki jibu nilikuwa nalo. Lilikuwa mdomoni kabisa. Nikalimeza. Kutoka ukumbini tukasikia watu wanapiga makofi, filamu imeisha.

Jumatatu, 23 Januari

Andika, Marlene.

Haikuanza wiki ya keki. Jumatatu, 17 Oktoba, nilikuta doa kwenye nguo yake ya ndani. Dogo. Nikaliloweka kwa maji baridi na chumvi, kama mama alivyonifundisha, likatoka. Wiki iliyofuata madoa mawili. Nikaloweka. Novemba nilimnunulia za rangi nyeusi, nikasema zilikuwa za punguzo. Yeye huvua gizani, kitako hajitazami, miwani iko chumba kingine. Inawezekana kweli hakuona mpaka lilipokuwa jambo la kuona. Mimi niliona. Wiki tano kabla ya keki niliona, na kila Jumatatu tangu hapo.

Nilijiambia ni bawasiri. Nilijiambia bado kipimo cha nane, wacha madaktari wenyewe waione. Nilijiambia ukilitaja limekuwa. Ndiyo. Hilo la mwisho ndilo la kweli. Namba ya simu ya Daktari Iyer ilikuwa imebandikwa kwenye friji, na nikachagua chumvi.

Na siku ya keki, nilipotaka kumzaba mwanangu kofi, nilikuwa nimeshafua damu mara sita. Nilifurahi, Mungu anisamehe, kwamba kuna mtu mwingine wa kulaumiwa.

Jumanne, 24 Januari

Nimempigia daktari. Wamesogeza kipimo mbele, Ijumaa ya tarehe 3. Vern kanuna. Kasema nimeita mrushaji mwingine katikati ya kipindi. Nikasema ndiyo, nimeita.

Jumapili, 29 Januari

Filamu ya nne ingekuwa leo, ile ya kuchekesha ya mbuzi wa bahati. Nimemwambia Bi Whitlow theluji imetuzidi. Kasema theluji imeyeyuka, Marlene. Halafu kaniangalia na kusema sawa, tutasogeza.

Kaniomba japo yale maandishi ya ubaoni kuhusu Lafferty, watu wameyaulizia. Nikayaandika papo hapo juu ya kaunta:

"Mashabiki wanaipenda kwa sababu ndani yake mwiko unafanya kazi. Ukinyamaza, mnashinda. Ukikaa kiti kilekile, mnashinda. Wewe uliye jukwaani, usiyeweza kurusha wala kupiga, una kazi. Nje ya filamu huna kazi yoyote. Mpira hauna habari nawe."

Bi Whitlow kasoma mara mbili. Kasema labda tuweke kitu chepesi zaidi, kuhusu urafiki.

Ijumaa, 3 Februari

Kipimo. Kavaa jaketi la kijani. Nilipofika kwenye njia panda nikapita barabara kuu, si ya mtoni. Vern kageuza kichwa haraka kunitazama. Tulifika dakika kumi mapema. Dakika kumi hizo tulikaa garini, na nilitamani sana ningepita mtoni.

Jumanne, 7 Februari

Imerudi. Ipo kwenye utumbo, na kuna kitu kwenye ini ambacho Daktari Iyer hakipendi. Kasema watampasua Jumanne ijayo. Wakikuta panakatika, watakata. Wakikuta hapakatiki, watafunga tu na kumrudisha nyumbani. Hakuzungukazunguka, namshukuru.

Halafu kauliza, kalamu mkononi: damu ilianza lini?

"Baada ya Krismasi," Vern kasema. Haraka, kama mtu aliyejizoeza. Nilijua anachofanya. Anaisogeza mbali na keki.

Daktari kaniangalia mimi. Wake za watu huwa wanajua, nadhani ndivyo alivyowaza. Nikaangalia mikono yangu. Akaandika: baada ya Krismasi. Akasema, bila ukali, kwamba miezi michache ina maana kubwa katika ugonjwa huu. Kwamba damu ya kwanza ndiyo siku ya kuja.

Miezi michache. Oktoba, Novemba, Desemba, Januari.

Garini Vern kasema: "Sasa unaweza kulitaja, mke wangu. Wameshatupiga." Nikalitaja. Saratani. Nilidhani kitatokea kitu. Taa ikawa ya kijani tukaenda.

Jumatano, 8 Februari

Paulette nimempigia mimi. Nilimweleza yote ila moja. Halafu kauliza, kwa sauti ya alipokuwa na miaka saba: "Imeanza lini, Mama?"

"Baba yako amemwambia daktari baada ya Krismasi."

Nikasikia anahesabu. Namjua huyu mtoto, husogeza midomo. "Keki ilikuwa tarehe ishirini na nne Novemba," kasema. "Mwezi mmoja. Mwezi mmoja tu, Mama!"

Nikasema upuuzi, wewe muuguzi—hapana, si muuguzi, lakini anafanya kazi ofisi ya daktari wa meno, anajua mambo ya mwili—keki ni unga na mayai. Kasema anajua ni upuuzi. Kasema kujua hakusaidii. Uliona sura yake, Mama? Alijua palepale. Nilimwona anajua.

Ingenigharimu sentensi moja. Oktoba, mwanangu, kabla hujanunua hata hiyo sukari. Lakini ukisema Oktoba, linafuata swali jingine hapohapo: wewe ulijuaje?

Jumapili, 12 Februari

Paulette kaja tangu Ijumaa. Hali chakula. Nimepika supu ya kuku, kaipulizia mpaka ikapoa, kaimwaga. Macho yamevimba. Anamtumikia baba yake kama mtu anayelipia kosa: mito, chai, soksi, magazeti. Vern anamfanyia utani. Kamwambia kama angekuwa anajua kudaka hivyo anavyojua kuleta mito, angempeleka ligi kuu. Paulette kacheka mpaka akalia, akakimbilia ghorofani.

Vern kaniambia kwa sauti ya chini: "Umeona? Ndiyo maana nilinyamaza." Kisha: "Wewe hukumwambia wiki ya keki, sivyo?"

"Sikumwambia."

"Mwanamke mzuri," kasema, na kunipapasa mkono.

Sijawahi kujichukia kama dakika ile. Nilitaka kumwambia hapo hapo, jikoni, wote wawili wasikie. Gus akagonga mlango na chungu cha maharage.

Jumanne, 14 Februari

Hospitali. Daftari nilitia kwenye mkoba bila kufikiri. Wamemwingiza saa mbili asubuhi. Daktari mpasuaji, kijana, kasema tutegemee upasuaji wa saa nne au tano hivi. Hakusema kinachomaanishwa wakitoka mapema. Hakuhitaji.

Vern alipokuwa kwenye kitanda cha magurudumu alimwita Paulette, akamwambia kitu sikioni. Paulette akatikisa kichwa kukataa. Akamwambia tena. Wakamsukuma, milango ikafunga.

Saa mbili na nusu. Kwenye kiti cha pembeni mzee mmoja anasoma gazeti la michezo. Ukurasa wa mbele tena mawakili. Kaniuliza kama nadhani watacheza mwaka huu. Nikasema sijui. Kasema mkewe yuko ndani, nyonga. Kasema nyumbani hutazama kanda za besiboli ili wasigombane. Nikamwuliza anapenda ipi. "Lafferty," kasema. "Sehemu ile ya kimya." Nikainamisha uso nikajifanya natafuta kitu mkobani.

Saa tatu kasoro. Paulette karudi na kahawa mbili. Kanipa moja, ya kwake kaiweka sakafuni. Nimemwuliza baba kakwambia nini pale. Kasema:

"Kaniambia keki ilikuwa nzuri. Kwamba alionja kwa kidole kimoja pale kwenye pipa, kabla ya kuitupa. Hajui kudanganya, Mama. Hajui hata kidogo. Na hili la baada ya Krismasi nalo nimemwona usoni alivyokuwa analisema. Ananificha. Ilianza wakati gani hasa? Ilikuwa siku ileile?"

Nikasema baba yako ana namna yake.

"Simwulizi baba. Nakuuliza wewe." Kasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana. Sauti yake haina hasira, afadhali ingekuwa nayo. "Nguo zake unafua wewe. Uliona lini mara ya kwanza?"

Nimemwambia ngoja kidogo, niandike kitu nisisahau. Kasema sawa. Anangoja. Anadhani natafuta tarehe humu ndani, na tarehe imo, kurasa chache tu nyuma, kwa mwandiko wangu mwenyewe. Kalamu ikisimama itanibidi niinue uso.